Mshona Mabegi, Mtani wa Bibi

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Herufi zinalala upande, na pengine nimeunganisha maneno yanayotakiwa kukaa mbalimbali. Anayesoma avumilie. Kuongea mbele ya watu naona haya, ndiyo maana naandika, hata kama ukurasa mmoja unamaliza jioni nzima.

Nataka kumwandika mzee mmoja mshona mabegi. Jina lake nalijua ila sitalitaja, kwa sababu hata sisi hatukulitumia. Pale Mchafukoge, jirani na Kariakoo, wote tulimwita Mtani.

Alikaa kwenye kibaraza mbele ya duka la Mangi, Mchaga anayeuza mashuka na mablanketi kwa jumla. Mimi nilikuwa mlango wa pili, kwa fundi nguo, napiga pindo na kufunga vifungo. Kati yetu kulikuwa na ukuta mfupi tu, kwa hiyo kila alichosema nilikisikia, na yeye aliongea kutwa. Vifaa vyake vilikuwa koleo, sindano ya gunia, kipande cha mshumaa cha kulainishia zipu, na kopo la maziwa lililojaa vichwa vya zipu alivyovitoa kwenye mabegi yaliyokufa. Watu wa mikoani wakija Kariakoo kununua mzigo, mabegi yao hupasuka kwa kushindiliwa. Yeye ndiye aliyewaokoa kabla ya basi.

Alikuwa na tabia ya kunusa begi kabla ya kulishona. Alilifungua, akaingiza pua, akafumba macho.

“Hili linatoka Kyela. Linanuka mchele.”

“Mzee, mimi natoka Tanga.”

“Basi uliliiba Kyela.”

Mwenye begi akicheka, kazi imeanza. Asipocheka, Mtani alimuuliza kabila, na kabila lolote alilotajiwa alikuwa na neno lake. Lakini watani wake wa kweli walikuwa sisi. Yeye Mngoni wa Songea, sisi Wamwera wa upande wa Nachingwea. Babu zake waliwavamia babu zetu, wengine wakajificha mapangoni, wakapigana hadi wakachoka, ukabaki utani. Mimi nikimwamkia asubuhi, “Shikamoo, babu,” alijibu, “Marahaba, mateka wangu. Umelala salama kwenye pango lenu?” Wateja wa fundi walikuwa wanacheka na mimi na haya zangu naangalia kifungo.

Usidhani alikuwa mtu mwema tu. Alikuwa mgomvi. Kijana akipita na simu inapiga muziki kwa sauti, alimtupia kichwa cha zipu. Maji yake ya kunywa aliyaficha nyuma ya kiti kama mtu anayeficha pombe. Alikuwa Mkatoliki, na Ijumaa alinyamaza kabisa adhana ikiadhiniwa, lakini Jumapili alirudi kutoka misa akiwasema waimbaji wote. Mke wake alikuwa amefariki, na huyo ndiye mtu pekee ambaye hakumfanyia mzaha. Ukimtaja, aliinama akatafuta sindano, hata kama sindano ilikuwa mkononi.

Na jambo jingine. Aliwasukuma watu waende hospitali, lakini yeye mwenyewe hospitali aliiogopa. Aliwasindikiza hadi getini, akabaki nje kwenye kivuli cha ukuta, na hata mvua ikinyesha hakuingia. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akasema, “Nikiingia wataniona na mimi nina kitu.”

Sasa niseme kwa nini aliwasukuma. Mabegi aliyoshona hayakuwa ya wafanyabiashara tu. Wagonjwa wengi wa saratani wanaletwa Dar kutoka mikoani kupigwa mionzi, na ndugu zao wanapita Kariakoo kununua shuka, ndoo, chupa ya chai. Mangi aliwauzia mashuka, Mtani akawashonea begi, na wakati anashona aliwauliza. Mgonjwa nani? Ana umri gani? Alianza kuumwa lini? Wengi walikuwa wanauguza wazee. Waliotoka karibu walisema ameanza juzijuzi. Waliotoka kwetu kusini, au magharibi huko mwisho wa reli, walianza na mganga, wakaja kwenye zahanati, wakapewa dawa za vidonda vya tumbo, wakasubiri mazao yauzwe, ndipo wakapata nauli na rufaa. Walifika mzee amebaki macho.

Siku moja redio ya Mangi ilisema kwamba wazee wa baadhi ya mikoa wanakufa zaidi kwa saratani kuliko wa mikoa mingine, na kwamba sababu ni nyingi. Mangi alifurahi kama vile timu yake imefunga.

“Unasikia, Mtani? Mama yangu ziwa lilimvimba, akakatwa palepale Moshi, mpaka leo analima migomba yake. Sisi watu wa mlimani ni wagumu.”

“Wagumu nyie?” Mtani akamwambia. “Mama yako aliamka, akanywa chai, akatembea hadi hospitali, akarudi kumwagilia kahawa. Wa kwetu anaaga ukoo mzima kabla ya kupanda basi. Hapo ugumu ni wa nani?”

Mteja mmoja, mzee wa kutoka Lindi, akadakia, “Lakini kwetu saratani si nyingi. Mimi kijijini sijaona mtu aliyekufa kwa hiyo.”

“Umeona waliokufa kwa kukonda?”

“Hao wapo.”

“Waliokufa kwa kushindwa kumeza?”

“Wapo.”

“Waliorogwa ziwa likaoza?”

Mtani akakata uzi kwa meno, akampa yule mzee begi lake.

Mimi nilisikia yote hayo nikiwa napiga pindo. Sikujua kwamba yatafika kwetu.

Bibi yangu, mama yake mama, aliletwa na mjomba wakati mikorosho inaanza kutoa maua. Mjomba anauza vyombo vya plastiki pale pale Kariakoo na sote tulikuwa tunakaa kwake Ilala, vyumba viwili. Alikuwa ameenda kumsalimia mama yake akamkuta anafunga kanga kifuani kwa namna ambayo hajawahi kuifunga. Akamuuliza, akaambiwa jipu. Akamleta kwa nguvu.

Hospitalini walimkata kinyama wakakipima. Majibu yalipotoka, daktari alimwita mjomba pembeni ya korido, si bibi. Bibi alibaki kwenye benchi na mimi, ananisimulia jinsi mbuzi wa jirani walivyokula mihogo yake. Mjomba aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Akasema, “Mama, ni jipu la ndani. Watalichoma kwa taa maalumu. Lazima ukae hapa kidogo.”

Nyumbani, bibi akiwa uani anaosha vyombo, mjomba akaniambia ukweli kwa sauti ya chini. Ni saratani. Daktari amesema akianza sasa na akamaliza tiba yote, nafasi ipo. Akirudi kijijini, hakuna.

“Tumwambie basi,” nikasema.

“Huwezi kumwambia mzee kitu kama hicho. Unamzika akiwa hai. Neno hilo lisitoke mdomoni mwako.”

Basi halikutoka. Lakini mtu mwenye jipu hakai mjini wakati wa korosho. Bibi alivumilia kidogo, halafu akaanza kuuliza kuhusu basi. Alisema shamba litamea majani, vibarua watamwibia, na kwamba jipu hata Nachingwea linatumbuliwa. Mjomba akamwambia subiri mama, mama subiri, na kila alivyomwambia subiri bila sababu, bibi alizidi kufunga vitu vyake. Mwisho akatoa begi lake uvunguni. Zipu ilikuwa imekufa.

“Mjukuu wangu,” akaniambia, “unaona haya lakini macho unayo. Nipeleke kwa fundi.”

Nikampeleka kwa Mtani. Walikuwa wameshajuana tangu wiki aliyofika. Bibi alipenda kuja kukaa pale kibarazani kwa sababu ya matusi. Alikuwa mtu wa kijijini kabisa, mjini kulimtisha, lakini pale mbele ya duka la Mangi alikuwa malkia. Mtani akimwona tu, alianza.

“Amefika Mmwera. Fungeni milango, ameshuka kutafuta chumvi.”

“We Mngoni, nyamaza. Mlikuja kwetu mmevaa ngozi. Sisi ndio tuliowaonyesha nguo.”

“Mlituonyesha migongo. Mlikuwa mnakimbia.”

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sijawahi kumsikia akicheka hivyo kijijini.

Kabla ya siku ya begi, mjomba alikuwa ameshamwendea Mtani kwa siri. Nilikuwepo dirishani kwa fundi. Alichuchumaa mbele ya kiti chake kama mtoto.

“Mzee, sisi watoto hatuwezi kulisema. Wewe ni mtani wake. Mtani anaruhusiwa kila kitu. Mtani anasimama mbele ya jeneza akasema marehemu alikuwa mchoyo, na hakuna anayekasirika. Mwambie wewe.”

Mtani alikoroga vichwa vya zipu kwa kidole ndani ya kopo. Halafu akasema, “Nitajaribu. Lakini neno langu kwake ni jepesi, mwanangu. Nimelifanya jepesi mwenyewe.”

Mjomba hakuelewa. Mimi pia, siku hiyo, sikuelewa.

Siku ya begi bibi akakaa kwenye kigoda, akampa Mtani begi, na mimi nikarudi kwenye pindo langu. Mtani akalifungua, akanusa, hakusema linanuka nini. Akaanza kung’oa zipu ya zamani. Akasema, “Unaenda wapi, Mmwera?”

“Nyumbani. Nimechoka kunusa miguu ya Wangoni.”

“Usiende.”

“Kwa nini? Utanikosa?”

“Hilo si jipu. Una saratani ya ziwa. Watoto wako wanakuficha. Ukienda kwenu utakufa, na mimi nitakuja msibani kwako kula ubwabwa nishibe.”

Mangi mlangoni aliacha kukunja shuka. Mjomba alikuwa amesimama ng’ambo ya barabara, anaangalia. Mimi sindano iliniingia kidoleni.

Bibi akacheka. Alicheka kuliko siku zote. Alipiga goti lake kwa kofi akasema, “Utatangulia wewe, Mngoni. Na ubwabwa huo nitaupika mimi.”

Mtani akaweka koleo chini. Akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara ambao sikuwa nimewahi kuuona. Akamwambia taratibu, “Dada yangu, sitanii.”

“Haya, hutanii.” Bibi akajifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kanga. “Na juzi uliponiambia nimezaliwa pangoni hukutania. Na uliposema utanioa bila mahari hukutania. Shona begi, mzee, basi litaniacha.”

“Muulize mwanao. Yule pale.”

Bibi akageuka, akamwona mjomba ng’ambo ya barabara. Akampungia mkono. “Njoo usikie Mngoni wako anavyoniua.” Mjomba akavuka, akafika, bibi akamtazama usoni. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Mjomba akafungua mdomo. Akasema, “Mama, Mtani amezidi leo.” Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekohoa.

Basi Mtani akashona. Alishona polepole sana, nadhani alitaka basi limwache kweli, lakini bibi alipata basi jingine. Lile begi halikupasuka tena. Lilirudi kwetu baadaye likiwa na kanga zake, na zipu bado inateleza.

Bibi alikufa kabla ya msimu wa korosho uliofuata. Mama mdogo aliyemuuguza alitusimulia kwa simu kwamba mwishoni kidonda kilikuwa wazi na nyumba nzima ilijua. Hata huko hakuna aliyemtajia jina la ugonjwa. Kwenye zahanati walimwandikia dawa ya maumivu. Nikiwaza redio ya Mangi najiuliza kama waliohesabu walimhesabu bibi, na kama walimhesabu, walimwandika kafa kwa nini. Mama yake Mangi, mwenye ugonjwa uleule, alituma mkungu wa ndizi msibani. Ulikuja na basi kutoka Moshi, ukafika ndizi zimeiva vizuri. Sikuweza kuzila.

Kuzika alizikwa kwao. Sisi tuliokuwa Dar tulisoma hitma hapa Ilala, chini ya turubai. Wamwera wa mjini walikuja wengi, na Wangoni walikuja, na wote walimsubiri Mtani, kwa sababu utani wake na bibi ulikuwa umejulikana mtaa mzima. Mtani kwenye msiba ana kazi yake. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anazuia sufuria mpaka apewe kitu, na wafiwa wanacheka bila kutaka, na ule msiba unapata mahali pa kupumulia.

Alifika amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akakaa kwenye mkeka nyuma kabisa, karibu na viatu. Wanawake wakasubiri. Ubwabwa ukapakuliwa, hakuzuia sufuria. Mama mmoja wa kwetu akamchokoza, “We Mngoni, umekuja kula au umekuja kulala?” Akaletewa sahani, akaipitisha kwa mtu wa pembeni. Nikawasikia wanawake wakinong’ona, “Mtani gani huyu anakaa kama mfiwa? Anatuongezea msiba.” Walikasirika kweli. Kwa desturi yetu alikuwa ametukosea.

Nilimpelekea maji ya kunawa. “Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu,” akasema.

Tangu siku hiyo hakuniita mateka tena. Kibarazani kwake alishona kimya. Watu wakimtajia kabila alisema, “Sawa.” Mangi alijaribu kumchokoza kuhusu Wangoni na pombe, akaona hajibiwi, akaishia kuongeza sauti ya redio. Siku moja asubuhi kiti hakikuwepo. Mangi akasema amehamia Buguruni, amesema huku kuna watu wengi wanaomfahamu.

Sikumwona kwa muda mrefu. Nilimwona mwaka huu. Fundi wangu alinituma Buguruni kuchukua vitambaa, nikamkuta karibu na wanapotengeneza pikipiki, amekaa kwenye kiti kilekile. Amepungua. Tundu la sindano halioni tena vizuri, akaniomba nimtungie uzi. Nikakaa kwenye kigoda na sindano yake mkononi.

Wakaja mama mmoja wa makamo na baba yake. Mzee alikuwa amevaa koti zito kwenye joto lile na shingo yake ilikuwa na uvimbe upande mmoja. Begi lilikuwa limechanika pembeni.

“Tushonee haraka,” yule mzee akasema. “Kesho narudi Ruangwa. Nimekaa mjini mpaka nimechoka. Nina tezi tu, wamenipa vidonge, wanataka eti nikae nichomwe taa.”

Nyuma ya mgongo wake binti alimtazama Mtani, akatikisa kichwa taratibu, macho yamejaa maji. Nikajua. Mtani naye alijua. Alilishika begi mikononi, hakuchukua sindano.

“Mmwera wewe?” akauliza.

“Mmwera hasa. Na wewe? Sauti yako kama Mngoni.” Mzee alianza kutabasamu, meno yakatoka, mwili mzima ulijiandaa. Alikuwa anasubiri kutukanwa. “Usiniambie nimeangukia mikononi mwa Mngoni.”

Nilimtazama Mtani. Nilijua anavyojivunia kwao. Aliwahi kuniambia kwamba mtu akikana kabila lake amemkana mama yake.

“Hapana,” akasema. “Mimi Mpare.”

“Mpare?”

“Mpare wa Same.”

Lile tabasamu likafungwa. “Aa. Basi sisi na nyie hatuna utani.”

“Hatuna,” Mtani akasema. “Kwa hiyo nisikilize, kaka. Hiyo siyo tezi. Ni saratani. Kwenye mionzi wanakotaka ukae, baadhi wanapona, baadhi hawaponi. Ukirudi Ruangwa hakuna mionzi. Nilikuwa na dada yangu wa huko kwenu. Alirudi nyumbani na begi nililolishona mimi.”

Pikipiki zilikuwa zinanguruma pale jirani. Yule mzee hakucheka. Alimtazama Mtani kwa muda, akatafuta kitu usoni mwake, hakukiona. Akamgeukia binti yake.

“Ni kweli?”

Binti aliziba mdomo kwa mkono. Halafu akaushusha. “Ni kweli, baba.”

Mzee akakaa chini kwenye ukingo wa mtaro, na koti lake zito. Alikaa pale mpaka jua likahama kwenye magoti yake. Mwisho akaliomba begi, akalichukua lilivyo, limechanika, akamwambia binti, “Nirudishe kwako. Twende huko kwenye taa kesho.” Wakaondoka, yeye mbele.

Kama alipona sijui. Sikuwaona tena.

Walipopotea kwenye watu nilimuuliza, “Babu, umekuwa Mpare tangu lini?”

“Tangu bibi yako,” akasema. Akachukua begi la mteja mwingine akaliweka magotini, akainama kutafuta sindano. Nilikuwa nimeishika mimi. Sikumpa mara moja. Nilimwacha ainame mpaka alipokuwa tayari kuinua uso.

Wewe uliyefika hapa, nina ombi. Pengine kwenu pia yupo mzee, Bukoba, Kigoma, Newala, popote, aliyeambiwa ni jipu. Kama mlimwambia ukweli, niandikie. Ni nani aliyemwambia, na alianza na neno gani? Mjomba wangu bado yupo, na mkewe ameanza kufunga kanga kifuani kwa namna nyingine.